Feni ya AC ya nje haizunguki: nifungue mwenyewe au niite fundi?

«Fundi, shikamoo. Tunaishi Houston, Texas, na nyumba tuliyonunua ina AC ya nyumba nzima: mashine moja iko nje kando ya ukuta, nyingine iko darini, na hewa inapita kwenye mabomba makubwa hadi kila chumba. Tangu Jumamosi upepo unatoka vyumbani lakini ni wa vuguvugu. Nikienda nje nasikia mashine inanguruma, ila feni yake ya juu haizunguki. Niliisukuma kwa kijiti kupitia wavu, ikazunguka, na nyumba ikapoa. Ilipojizima na kutaka kuwaka tena, tatizo likarudi. Fundi aliyekuja alisimama pale dakika kumi, hakufungua kitu, akasema gesi imeisha na kwa kuwa mfumo ni wa mwaka 2013 niweke mpya kwa dola 11,000. Jirani anasema ni kapasita tu, naweza kuibadilisha mwenyewe, na hata gesi naweza kununua mtandaoni nikajaza. Nimewahi kubadilisha kapasita ya panga boi kule Tanga, lakini hii inanitisha. Ndani nina mtoto wa miezi minane na mama yangu wa miaka 71 aliyekuja kututembelea. Nifanye nini?»

Marahaba, ndugu yangu. Kabla sijaeleza lolote, nenda kwenye themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, uzime upozaji, na usiisukume tena ile feni kwa kijiti. Nitakueleza sababu hapa chini, lakini kwa sasa elewa kwamba kila dakika ambayo mashine ya nje inanguruma bila feni kuzunguka, unaihatarisha kompresa, pampu inayokandamiza gesi, ambayo ndiyo kifaa pekee katika hadithi yako kinachoweza kweli kukufikisha kwenye zile dola 11,000. Kisha mpeleke mama na mtoto mahali penye ubaridi mchana wa leo: kwa ndugu, maktaba ya umma, hata dukani. Joto la Houston mwezi wa nane halichezewi, na feni ya mezani inayopuliza hewa ya moto haimwokoi mzee wala mtoto mchanga. Mama akianza kuchanganyikiwa, kutapika au kuwa na ngozi ya moto isiyo ya kawaida, hapo si suala la AC tena, piga 911.

Sasa tuje kwenye mashine. Umenieleza dalili zako vizuri kuliko wateja wengi, na ndani ya maelezo hayo jibu limekwisha kujitokeza kwa sehemu kubwa. Mashine ya nje inanguruma, maana yake themostati imetuma amri, amri hiyo ya volti 24 imefika, na kontakta, ile swichi ya sumaku iliyo ndani ya mashine, imevuta na kupitisha umeme mkubwa. Kwa hiyo betri za themostati, fyuzi ndogo iliyo darini, na swichi ya boya inayozima mfumo pale bomba la maji linapoziba, vyote hivyo unaweza kuviacha kwa leo. Upepo unatoka vyumbani, maana yake feni ya ndani ni nzima. Kilichobaki ni feni ya nje ambayo ina nguvu ya kuendelea kuzunguka ila haina nguvu ya kuanza. Tofauti hiyo kati ya kuendelea na kuanza ndiyo inayotuelekeza kwenye kapasita, lile kopo dogo linalohifadhi chaji ya umeme.

Mota ya feni hiyo hutumia umeme wa fezi moja, na mota ya namna hiyo ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Msukumo wa sumaku yake ukiwa mmoja tu, unavuta huku na kule kwa nguvu sawa, kwa hiyo mota inatetemeka na kunguruma bila kujua izunguke upande gani. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: wakiinua michi kwa wakati mmoja watagongana, lakini wakipishana, mmoja akiinua wakati mwenzake anashusha, kazi inakwenda kwa mwendo usiokatika. Kapasita ndiyo inayoleta kupishana huko. Inaupa waya wa pili wa mota umeme unaotangulia kidogo ule wa kwanza, na kupishana huko ndiko kunakoichagulia mota upande wa kuzunguka. Kijiti chako kilifanya kazi hiyo kwa mkono. Ukishaipa mota mwelekeo, inaweza kujiendeleza kwa namna fulani, ingawa inachoka na kupata joto kuliko kawaida.

Katika mashine nyingi za nyumbani za Marekani, feni na kompresa hutumia kopo moja la kapasita lenye sehemu mbili ndani yake. Sehemu ya kompresa ni kubwa, labda mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) 40 au 45, na ya feni ni ndogo, mara nyingi 5. Ndiyo maana upande mmoja unaweza kufa huku mwingine ukiendelea. Ndani ya kopo kuna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa metali na kuviringishwa. Kila cheche ndogo inapotoboa utando huo, metali iliyo pembeni ya tundu huungua na kujiziba, na kapasita hupoteza chembe ya uwezo wake. Joto huharakisha jambo hilo, na kopo lako limekaa ndani ya sanduku la bati, juani, majira ya joto baada ya majira ya joto. Kufa kwa kapasita katika hali hiyo ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa lile la gesi, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapoliwa pesa, huku Texas na kule nyumbani pia. Nadhani neno lenyewe ndilo linalotupotosha. Tumezoea mtungi wa gesi ya kupikia, ambayo inaungua na kweli inaisha, kisha tunakwenda kubadilisha mtungi. Gesi ya AC haiungui. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa: inachukua joto ndani ya nyumba, kompresa inaikandamiza, inatoa joto hilo nje kwa msaada wa ile feni, inageuka kimiminika, inarudi ndani. Kama bomba halina tundu, kiasi kilichowekwa mwaka 2013 kipo hadi leo. Kule Dar es Salaam utasikia mtu anajaza gesi kila mwaka kabla ya joto la Desemba, kana kwamba anabadilisha oili ya gari. Mtu huyo ama ana tundu ambalo hakuna aliyelitafuta, ama ana fundi anayelipenda tundu hilo.

Kwa hiyo fundi anayesema gesi imeisha bila kuunganisha geji za kupimia shinikizo, bila kupima joto la mabomba, na bila kufungua hata skrubu moja, amekisia tu. Tena amekisia vibaya, kwa sababu upungufu wa gesi hauzuii feni ya nje kuzunguka. Simwiti mwizi, sikuwepo; lakini dola 11,000 haziwezi kutegemea dakika kumi za kusimama. Ishara za gesi iliyovuja ni nyingine: barafu kwenye bomba nene la shaba au kwenye koili ya darini (mabomba yaliyopindapinda yanayopoza hewa), madoa ya mafuta kwenye maungio, na nyumba inayochelewa kupoa kwa wiki nyingi kabla ya kushindwa kabisa. Wewe hukutaja hata moja, na zaidi ya hapo, feni ilipozunguka nyumba ilipoa.

Na jirani yako, ambaye kwenye kapasita naona yuko sahihi, kwenye gesi amekosea kwa hatari. Chini ya kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, anayefungua mzunguko wa gesi ya AC ya nyumbani lazima awe na cheti kinachotambuliwa na EPA, shirika la kulinda mazingira, na gesi kama R-410A haiuzwi kihalali kwa asiye na cheti hicho. Sheria tuiweke kando, tutazame chombo chenyewe: tairi la gari lako lina shinikizo la psi 32 au 35, ilhali upande wa shinikizo kubwa wa mfumo wa R-410A siku ya joto unaweza kupita psi 400. Halafu mtandaoni kuna gesi za jamii ya propani zinazouzwa kwa jina la 22a kana kwamba ni mbadala wa R-22, gesi ya AC za zamani. Hizo zinaungua, AC yako haikutengenezwa kwa ajili yake, na EPA imeonya waziwazi zisitumike kwenye viyoyozi vya nyumbani. Mabomba ya shaba usiyaguse, wala vile vifuniko vidogo vya valvu.

Tubaki na kapasita. Je, unaweza kuibadilisha mwenyewe? Kwa mtu aliyewahi kubadilisha ya panga boi, mwenye mita ya kupimia umeme na mwenye subira, jibu langu ni ndiyo, kwa masharti ambayo sitayalegeza. Kapasita ya panga boi ina mikrofaradi 2 au 3 hivi. Hii inaweza kuwa na 45, kwa hiyo hubeba chaji nyingi zaidi. Nikiwa kijana, katika karakana moja ambayo sitaitaja, niliishika kapasita ya pampu ambayo mkuu wangu aliniambia «imeshakaa sana, haina kitu». Mkono uligonga kabati la bati kabla sijajua kilichotokea. Nilipona, lakini tangu siku ile kauli ya mtu haitoshi kwangu, napima.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba umeme wa Houston haufanani na wa Tanga. Kule una waya mmoja wenye moto na mwingine usio na moto. Mashine yako ya nje inapokea nyaya mbili zote zenye moto, kila moja ikiwa na volti 120 dhidi ya ardhi, na kati yake zinafanya 240. Kontakta nyingi za nyumbani hukata waya mmoja tu kati ya hizo mbili. Maana yake, kuzima themostati kunaisimamisha mashine lakini ndani yake waya mmoja bado uko hai, ukikusubiri. Watu wanaumia hapo, kwa sababu mashine imenyamaza na wao wanadhani imekufa.

Kwa hiyo zima breka ya mashine ya nje kwenye paneli, kisha nenda kwenye kisanduku kidogo kilicho ukutani karibu na mashine na uchomoe kile kishikio cha kukatia umeme. Fanya yote mawili. Fungua bati la pembeni, na kabla ya kugusa chochote weka mita kwenye volti za AC (hapa maana yake ni umeme wa mkondo geu, si kiyoyozi), uihakikishe kwanza kwenye soketi ya ndani unayojua ina umeme, kisha pima pale nyaya zinapoingia kwenye kontakta: waya kwa waya, halafu kila waya dhidi ya bati. Usipopata sifuri kote, au usipoelewa mita inakuambia nini, funga bati na uite mtu. Hakuna aibu yoyote hapo.

Ukipata sifuri, bado kapasita yenyewe inaweza kuwa na chaji. Mara nyingi chaji hupungua kupitia nyaya za mota, lakini waya wa mota ukiwa umekatika, kopo hubaki limejaa. Wengine huunganisha vichwa vya kapasita, pale nyaya zinapochomekwa, kwa bisibisi na kufurahia cheche. Mimi sipendi njia hiyo. Chukua rezista ya ohm 20,000 yenye wati 5, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, na uiweke kwa sekunde kumi kati ya kichwa kilichoandikwa C na kile cha HERM, halafu kati ya C na FAN. HERM ni upande wa kompresa. Baada ya hapo pima volti za DC (umeme wa mkondo mnyoofu) kati ya vichwa hivyo hivyo, uone sifuri kwa macho yako.

Piga picha kwa simu kutoka pande mbili, nyaya zionekane zinaingia wapi, kabla hujachomoa hata moja. Usitegemee rangi za nyaya, kwa sababu fundi aliyepita kabla yako huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao. Na ukibadilishana FAN na HERM utaiunguza mota ya feni ukiwa umefika hatua ya mwisho kabisa. Kisha, nyaya zikiwa zimetoka, pima mikrofaradi kwa mita yenye uwezo huo. Kwenye kopo utasoma kitu kama 45+5, volti 370 au 440, na kiwango cha kupotoka, mara nyingi asilimia 5 au 6. Upande wa feni ukisoma 4.8, ni mzima na tatizo liko kwingine. Ukisoma 2 au sifuri, umempata mhalifu. Kopo likiwa limevimba juu kama kopo la samaki lililoharibika, huhitaji hata kupima.

Kapasita mpya lazima iwe na mikrofaradi zilezile. Volti zinaweza kuwa sawa au zaidi, hivyo ya 440 inaweza kukaa mahali pa ya 370, lakini kinyume chake hapana. Bei ya dukani kwa kawaida ni kati ya dola 15 na 40. Kabla ya kufunga, tazama pia kontakta: Houston ina sisimizi wanaopenda kuingia kwenye vifaa vya umeme, na wakisagwa kati ya vishikizo vyake kontakta huungua au hushindwa kukutanisha. Ni jambo la kuchekesha hadi likufike usiku wa manane.

Bado umeme ukiwa umezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini na kusimama taratibu, beringi zake ni nzima. Ikikwama au kukwaruza, kapasita mpya haitaisaidia. Mota yenyewe imechoka, na hiyo namwachia fundi, kwa sababu inabidi kulinganisha nguvu, mwendo na upande wa kuzunguka wa mota mpya. Kama koili za nje zimejaa vumbi na nyasi, zioshe kwa mpira wa bustani wenye maji ya kawaida, kabla ya kufungua bati la umeme au baada ya kulifunga, kamwe si likiwa wazi. Ile mashine ya maji ya nguvu ya kuoshea magari weka mbali, maana inalaza mapezi membamba ya aluminiamu na kuziba njia ya hewa.

Rudisha kila kitu, funga bati, rudisha kishikio na breka, subiri dakika tano ili shinikizo ndani ya mabomba lisawazike, ndipo uwashe themostati. Feni inapaswa kuanza papo hapo, ikirusha hewa ya moto juu. Simama nayo kwa dakika 20. Baadaye pima joto la hewa inayoingia kwenye wavu mkubwa wa kurudisha hewa na ile inayotoka kwenye tundu la chumba kilicho karibu: tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi, yaani 15 hadi 20 za Fahrenheit, inaridhisha, na siku za unyevunyevu mkali inaweza kuwa pungufu kidogo. Kama filta ya ndani ni ya kijivu, ibadilishe siku hiyohiyo.

Nilikuahidi sababu ya kutoisukuma feni. Gesi iliyobeba joto la nyumba yako inalitua joto hilo kwenye koili za nje kwa msaada wa feni. Feni ikisimama, shinikizo linapanda, kompresa inasukuma dhidi ya ukuta, inapata joto hadi kinga yake ya ndani inaikata, inapoa, inajaribu tena. Ndiyo maana upepo ni wa vuguvugu. Ikiwa imekwenda hivyo tangu Jumamosi kwa vipindi vifupi, inawezekana kompresa haijadhurika. Ikiwa imekwenda hivyo siku nzima kila siku, siwezi kukuhakikishia. Baada ya kapasita mpya, kama feni inazunguka lakini kompresa haingurumi, au breka inaruka, au unasikia harufu ya kuungua, zima na uishie hapo. Breka iliyoruka irudishe mara moja tu; ikiruka tena, inakuambia kuna mahali umeme unapita pasipotakiwa, na kuilazimisha ni kutafuta moto.

Utakapomwita fundi wa pili, na ningependa umwite hata kama kapasita itafanya kazi, tazama namba ya leseni kwenye gari lake; kampuni za AC za Texas hubeba namba inayoanza na TACLA au TACLB, nawe unaweza kuikagua kwa TDLR, ofisi ya leseni ya jimbo. Mwombe aandike vipimo: shinikizo la pande mbili, ampea za kompresa na za feni, na mikrofaradi. Akisema gesi imepungua, muulize tundu liko wapi kabla hujauliza bei ya gesi. Mfumo wa 2013 si mchanga, na siku kompresa itakapokufa au koili ya ndani itakapotoboka, kuweka mpya kutakuwa na maana kuliko kutia viraka. Lakini ujue kwamba tangu 2025 viwanda vimehamia gesi za R-454B na R-32, kwa mujibu wa mwelekeo wa kupunguza gesi zinazopasha dunia uliokubaliwa Kigali mwaka 2016, kwa hiyo mfumo mpya utamaanisha kubadilisha mashine ya nje na koili ya darini kwa pamoja. Uamuzi huo ufanye majira ya baridi, ukiwa na makadirio matatu mkononi, wala si mchana wa joto huku mtoto analia.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kapasita mpya, na ya zamani usiitupe; mwoneshe fundi. Ukishapima, nitumie namba mbili ulizosoma, ya upande wa FAN na ya upande wa HERM, pamoja na zile zilizochapwa kwenye kopo, nami nitakuambia kama hata upande wa kompresa umeanza kuchoka.